Kijiko Juu ya Kikombe

Kama kuna jambo lililompandisha Kipimo hasira mpaka masikio yakamwasha, ni mtu kutia mkono kwenye kopo la rangi la mwenzake. Alikuwa fundi rangi wa magari, mtu wa miaka hamsini na ushee, na jina la Kipimo alibandikwa hapo gereji kwa sababu hakukubali kukoroga rangi kwa kukadiria. Rangi kiasi hiki, tina ya kuizimua kiasi hiki, kisha hadna, ile dawa ya kuigandisha rangi, kiasi hiki na si tone zaidi. Zamani kidogo, rafiki yake Fundi Injini alikuta kopo limekaa tu, akadhani anamsaidia mwenzake, akalitia hadna. Kumbe Kipimo alikuwa ameshatia. Mlango wa gari la watu ukapasukapasuka kama tope la kiangazi, na Kipimo akapiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza nani kauawa.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya gereji: ukishatia hadna, laza kijiti cha kukorogea juu ya mdomo wa kopo. Kijiti kikilala, maana yake dawa imeshaingia, mkono wako weka mfukoni. Watu wa pale walipita taa nyekundu bila wasiwasi, lakini kijiti cha Kipimo hakuna aliyekivuka.

Basi ndugu yangu, mtu huyohuyo mwenye sheria zake alikuwa na jambo nyumbani ambalo hakulipima wala hakulisema. Mwili wake ulikuwa umegoma. Mwanzo aliuchukulia kama utani, akasingizia uchovu. Akasingizia harufu ya tina. Akasingizia mpira, kwamba timu yake imefungwa na hana hamu ya kitu chochote duniani. Miezi ikapita, timu ikashinda hata mechi mbili tatu, na mambo yakabaki yaleyale. Akilala huugeukia ukuta, akausoma ukuta kama mtu anayengoja mtihani.

Mkewe hakusema neno. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angelalamika, Kipimo angepata pa kuanzia. Angemjibu, wangegombana, wangefika mahali. Lakini mama watoto alikuwa akivuta shuka, anasema "haya, lala salama," na anazima taa kwa upole unaoudhi. Upole ule ulimkera kuliko matusi.

Mkewe alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu, ndoo ya nywele za bandia na wanawake wasioisha maneno. Kipimo akipita mlangoni jioni na ovaroli lake lenye madoa, kicheko hukatika ghafla, kisha mtu anauliza, "Shikamoo baba, za kazi?" Naye anaitikia na kupita haraka, moyoni anaapa kwamba walikuwa wanamjadili yeye. Pengine walikuwa wanajadili bei ya vitunguu. Mtu mwenye siri husikia jina lake hata kwenye kikohozi.

Usidhani hakujaribu kwenda hospitali. Alikuwa na presha, kila asubuhi anameza kidonge chake, na kila baada ya muda anakwenda zahanati kuchukua vingine. Siku moja alijikaza. Alifika dirishani kwa muuguzi, foleni nyuma yake imejaa, na mtu wa karibu kabisa alikuwa bibi mmoja aliyesali na mama mkwe wake.

"Mbali na presha, una tatizo lingine?" muuguzi akauliza kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Lipo," Kipimo akasema chinichini.

"Lipi? Sema kwa nguvu, mzee, sikusikii!"

Kipimo akamtazama muuguzi, akamtazama yule bibi aliyekuwa ametega sikio, akasema, "Mgongo."

Akarudi nyumbani na dawa ya kuchua mgongo. Mkewe alimchua wiki nzima kwa bidii, mgongo usio na kosa lolote, naye amelalia tumbo, ameuma mto kwa hasira. Hasira zenyewe hakujua azielekeze kwa nani. Muuguzi alikuwa kazini kwake, bibi alikuwa foleni kihalali, na mgongo masikini haukuwa umemkosea mtu.

Gereji nako hakukuwa na nafuu. Fundi Injini alikuwa na mdomo usio na breki. Gari kuukuu likiletwa, hulipigapiga boneti na kusema, "Mzee huyu hashiki stati tena, mpaka asukumwe!" Watu wanaangua kicheko, na Kipimo ndiye anayecheka kuliko wote, maana asiyecheka atajulikana.

Hapo ndipo alipoingia Daktari wa Kipaza. Daktari wa nini, hakuna aliyejua. Alikuwa na meza ya kukunja kwenye njia panda, mwavuli uliopauka, chupa za unga wa kahawia, na kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza tangu asubuhi: "Unga wa mizizi saba! Nguvu za baba! Vitu vya asili, havina madhara! Presha iwepo, sukari iwepo, kunywa tu! Ndoa yako iko mikononi mwako!" Kipimo alipita mara kadhaa akijifanya anaelekea kwingine. Mwisho akasogea.

"Nina rafiki yangu," akaanza.

"Pole zake," akasema Daktari wa Kipaza, akizima kipaza. "Rafiki ana umri gani?"

"Kama mimi hivi."

"Mwili wake?"

"Kama wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anapaka rangi... mambo ya rangi."

Daktari wa Kipaza akamkabidhi chupa bila kucheka, na kwa hilo Kipimo alimshukuru. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Kijiko gani? Cha chai au cha kulia? Kilichojaa au cha kukwangua?"

"Kijiko, mzee wangu. Mizizi haina mahesabu."

Jibu lile lilimkera. Chupa haikuwa na maandishi zaidi ya picha ya simba, na simba mwenyewe alionekana kachoka. Ingekuwa kopo la rangi limeletwa vile, lisilo na jina wala kiasi, Kipimo angemfukuza aliyelileta mpaka barabarani. Lakini tumbo la mtu mwenye aibu halina sheria za gereji. Aliichukua, akaificha nyuma ya makopo ya rangi nyeupe, na jioni kabla ya kutoka kazini akachemsha maji, akatia kijiko, akanywa huku uso umekunjamana.

Siku za mwanzo hakuona kitu ila kiungulia. Kisha, jioni moja, mambo yakajibu! Kipimo alifurahi akaogopa kufurahi. Mama watoto asubuhi yake aliimba akiosha vyombo, akamwekea yai la ziada, na Kipimo akaenda kazini akitembea katikati ya barabara kama aliyeijenga. Siku hiyo alimsamehe hata Fundi Injini.

Wiki iliyofuata, kimya. Akanywa tena, kimya. Siku nyingine mwili unaitika nusu, siku nyingine kichwa kinamgonga, uso unawaka, macho mekundu, moyo unakimbia peke yake, na huko kulikokusudiwa hakuna habari. Akaongeza, vikawa vijiko viwili. Kitu kilekile, chupa ileile, leo hivi kesho vile! Kwa mtu kama yeye lilikuwa tusi. Akarudi kwa Daktari wa Kipaza amevimba.

"Rafiki yangu anasema unga wako hauaminiki."

"Mwambie aamini kwanza," akajibiwa. "Na aongeze kidogo."

Kipimo hakujua, na angejuaje, kwamba hakuwa mteja pekee kutoka nyumba yake.

Jumamosi moja gereji ilifungwa mapema. Kipimo alikuwa amejiwekea nadhiri: leo, potelea mbali, ama mimi ama huu mwili. Akanywa vijiko vyake viwili vilivyojaa, akafunga ovaroli kwenye mfuko, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa amewaruhusu wateja mapema. Watoto wadogo walikuwa shule ya bweni. Alimkuta amevaa kitenge chake kizuri, ameandaa chai nzito ya tangawizi, amekaa anamtazama anavyoinywa.

"Imalize, baba watoto," akasema. "Nimeikoleza."

Alikuwa hajaweka kikombe chini vizuri, chumba kikaanza kumzunguka. Akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Kifua kikabana kama kimebanwa na jiriwa, jasho likamtoka, na mikono ikawa baridi. Alimwona mkewe anafungua mdomo, lakini alichosikia ni moyo wake tu ukigonga masikioni.

Fundi Injini alikuwa mtaa wa pili. Alikuja na gari la mteja, akawapeleka hospitali akipiga honi njia nzima. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakutania.

Walimlaza kwenye kitanda cha chumba cha dharura, pazia upande mmoja, ukuta upande mwingine, mkewe amesimama kichwani pake. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanawe wa kwanza, miwani imemteleza puani. Akampima presha, akamwekea waya kifuani, akamsikiliza.

"Kifua bado kinabana, baba?"

"Kinabana."

"Presha imeshuka kidogo ila inavumilika. Nataka kukuwekea kidonge hiki chini ya ulimi, kifungue mishipa." Kidonge kilikuwa tayari kwenye kifuniko mkononi mwake. "Kabla sijakuwekea, nakuuliza na unijibu kweli. Umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume? Ya dukani, ya mizizi, ya kupewa na rafiki?"

Kipimo alitazama pazia. Chini ya pazia viatu vya Fundi Injini vilikuwa vimesimama, vile viatu vyenye oili, na juu ya viatu vile kulikuwa na ule mdomo usio na breki. Aliona Jumatatu yote mbele yake: boneti, kicheko, "mzee hashiki stati." Kifua kilimuuma, lakini aibu ilimuuma zaidi. Haya ndiyo mambo ya wanaume, ndugu yangu. Mtu yuko mlangoni pa kaburi na bado anaona haya.

"Sijatumia kitu," akasema.

"Una hakika?"

"Ningetumia ya nini? Mimi niko sawa."

Daktari akasogeza kidonge. Kipimo akafungua mdomo.

"Subiri!" Mkewe alikuwa ameshika mkono wa daktari, ameushika kwa nguvu ya msusi anayevuta nywele tangu ujana. "Usimpe. Kanywa. Mimi nimemtilia."

Kipimo akabaki mdomo wazi.

"Umemtilia nini, mama?"

"Unga wa mizizi. Kwenye chai leo, na kwenye uji wa kila asubuhi. Wateja wangu waliniambia hauna madhara, ni vitu vya asili. Kwa yule wa kipaza, pale njia panda." Akauachia mkono wa daktari. "Leo nilitia vijiko viwili."

Chini ya pazia, viatu vyenye oili viliacha kusogea. Kipimo alihesabu kichwani, maana kuhesabu ndiyo kazi yake, na hesabu ilimtia baridi kuliko jasho. Viwili vya kwake, viwili vya mkewe, na kidonge cha presha cha asubuhi chini yake.

"Daktari," akasema, na sauti ilitoka ndogo, "na mimi nimekunywa. Huohuo. Viwili, gereji, kabla ya kurudi nyumbani."

Daktari akakifunika kile kidonge, akakirudisha kwenye trei, akakisukuma mbali kabisa. "Ningekuwekea hiki juu ya unga huo, presha yako ingeanguka na pengine isingeinuka. Mnaelewa? Si maneno ya kutisha watu." Akamwita muuguzi, wakaanza kumtundikia maji, na akatoa maagizo mengine kwa haraka.

Baadaye, kifua kilipolegea, alirudi akavuta kiti. Kipimo alikuwa ameshapata nguvu za kukasirika.

"Alisema ni vitu vya asili," akanung'unika.

"Petroli nayo inatoka ardhini, baba. Unaichanganya na uji?" Daktari akasukuma miwani yake juu. "Mimi siwezi kujua kilichomo bila kuupima. Ila wapo wagonjwa wanaoletwa hapa wamekunywa unga wa mizizi, kumbe ndani umesagwa pamoja na vidonge vya kisasa vya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana leo unajibu, kesho haujibu. Anayesaga hapimi."

Neno hilo lilimwingia Kipimo kama msumari. Anayesaga hapimi!

"Na mizizi mitupu je?" akauliza mkewe.

"Mingine haifanyi kitu. Mingine ina nguvu kweli, na chenye nguvu kinaweza kudhuru. Mingi haijachunguzwa vya kutosha, kwa hiyo atakayekuapia kwamba ni salama, anakuapia asichokijua. Lakini baba, nimeona na jingine. Sukari yako iko juu sana, na si ya leo. Sukari na presha huharibu mishipa ya damu polepole, na mara nyingi huko kwenye ndoa ndiko mtu anapoona kwanza. Mwili wako ulikuwa unakupa taarifa. Ungesema, tungeipima sukari mapema. Na dawa za tatizo lenyewe zipo, zenye kipimo, tukishaujua moyo wako vizuri."

"Nilikwenda kusema," Kipimo akafoka. "Dirishani! Watu wote wanasikia! Nikapewa dawa ya mgongo!"

"Hapo una haki ya kukasirika," daktari akasema. "Hilo ni kosa letu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumpa Kipimo haki ya hasira yake, na haikumsaidia hata kidogo.

Walimweka hospitali mpaka waliporidhika na moyo wake. Siku ya kurudi nyumbani, Fundi Injini aliwaendesha kimya kimya, na alipowashusha alimvuta Kipimo kando. "Ile chupa," akasema akitazama tairi, "nyuma ya makopo meupe. Na mimi nilikuwa naichota kwa siri. Nimeimwaga." Kisha akaingia garini akaondoka.

Ndani, mlango ulipofungwa, yale yaliyolala miezi mingi yakaamka.

"Umenitilia unga kwenye kikombe changu!" Kipimo alianza. "Kama panya! Mtu nakaa mezani kwangu, nakunywa chai ya mke wangu, kumbe natibiwa!"

"Na wewe uliyekuwa unakunywa gereji, ulikuwa unamtibu nani? Jirani?"

"Mwili ni wangu!"

"Na ndoa ni yangu!" Alikuwa hajawahi kumpigia kelele hivyo. "Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri una mwanamke. Nakuchua mgongo, nalia mgongoni kwako, husikii hata machozi. Nikasema heri awe mgonjwa, ugonjwa nitautibu. Ilipojibu siku ile nikasema Mungu mkubwa, unga wangu umefanya kazi!"

"Unga wako?" Kipimo akasimama katikati ya chumba. "Siku ile nilikuwa nimekunywa wangu!"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameisherehekea siku ile peke yake, kwa siri, kama ushindi wa mkono wake. Ilikuwa ya kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

"Unalinda makopo ya rangi," mkewe akasema, sasa taratibu, "mtu asitie mara mbili. Gari la watu lisiharibike. Kijiti unakilaza juu, kila mtu anajua. Mimi hapa ndani, uliniwekea kijiti gani?"

Kipimo alimkasirikia mkewe, akamkasirikia muuguzi wa dirishani, akamkasirikia mwenye kipaza. Akaingia chumbani akaugeukia ukuta mchana kweupe.

Asubuhi iliyofuata alikuta mezani kikombe chake cha chai, na juu ya mdomo wa kikombe kijiko kimelazwa. Mkewe alikuwa kwenye chumba cha mbele, anachambua nywele za bandia, mgongo amempa.

Kipimo alisimama juu ya kile kikombe. "Umetia nini?" akauliza.

"Tangawizi. Sukari umekatazwa."

"Basi?"

"Basi."

Alimeza kidonge cha presha, akameza kipya cha sukari, akakiondoa kijiko, akanywa. Chai ilikuwa chungu, haina raha yoyote. Alikasirika na ile chai pia. Kisha akabeba kikombe mpaka chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kirefu, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Kwenye kioo akamwona mkewe ameacha kuchambua.

"Mama watoto," akasema akikitazama kioo, maana uso kwa uso asingeweza. "Mwili wangu haunitii. Tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Sina mwanamke, sina mgongo. Naona haya."

Mkewe alikuja nyuma ya kiti, akamwekea mikono mabegani kama anavyofanya kwa wateja kabla ya kuanza kazi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mimi, siyo yule wa kipaza."